Barua za Semboja

Kidole cha Mama Semboja kilikuwa na vumbi la chaki. Alikiweka chini ya neno la kwanza la barua ya mwanawe.

"Leo utanisikiliza wewe, mwanangu," aliniambia. "Mwalimu wa kisomo cha watu wazima amesema sasa naweza."

Msimu mzima nilikuwa namsomea mimi, niliyecheza mpira na mwanawe. Semboja alikwenda Uturuki kusoma, akachukuliwa na timu ya ligi kuu. Yeye, ambaye hapa Magoma alikuwa akisubiri pasi zangu! Kila barua ilisema amefunga, wamembeba juu, wameliimba jina lake. Ilinichoma. Basi mbele ya mama yake nilisoma kwa sauti ya huruma: "Bado niko benchi, mama. Baridi imenishinda."

Mama alikuwa akifuta machozi kwa upande wa khanga, kisha ananisogezea chai. "Afadhali wewe uliyebaki," alikuwa akisema, nami nilirudi nyumbani nikitembea kama mfungaji.

Kidole kilisogea polepole.

"Ni-me-fu-nga," alisoma. "Ma-ba-o ma-wi-li. Ka-ma ka-wa-i-da."

Alirudisha kidole nyuma, akayasoma tena yale maneno mawili ya mwisho.

"Kama kawaida."

Hakunitazama. Aliikunja barua, akainuka, akaingia chumbani. Nikasikia kopo la biskuti likiburutwa kutoka mvunguni, lile analotunzia barua zote za Semboja.

"Kaa hapo hapo," alisema kutoka ndani. "Tunaanza na ya kwanza."