Mgongo Usio na Nundu

Kima, tarishi wa nyikani, alitafuta kipando, akamwomba Ngamia amkagulie binti farasi mmoja. Ngamia akamtazama mbele, akamtazama ubavuni, akaguna.

"Miguu myembamba, na mgongo hauna hata nundu! Utashika wapi?"

"Mzee, hujaniona nikikimbia," binti farasi akajibu bila wasiwasi.

"Mbio si kitu. Kima, njoo upande mgongo wa maana."

Ngamia akapiga magoti. Ghafla simba akanguruma karibu yao. Ngamia akainua makalio, magoti ya mbele bado yako chini. Kima akarukia mgongo wa binti farasi, wakatimka.

Ngamia aliwafikia jioni, akihema, mkia umebaki nusu.

"Shikamoo, mzee," binti farasi akamwamkia. "Sasa ukaguzi umekamilika. Umeniona na kwa nyuma."