Mito ya Mzee Machano

"Mzee, kompyuta hii ya kupima moyo inauliza, unalalia mito mingapi?" alisema daktari.

Bi Somoe, aliyemleta mumewe kwa sababu ya miguu kuvimba, alishangaa. Mashine ya moyo ina haja gani na mito ya watu? Akainama kuchungulia nyuma ya skrini, labda kuna mtu.

"Hata mmoja," alijibu Mzee Machano.

Daktari akaandika. Skrini ikabaki kijani. Bi Somoe alijikaza asiseme, akashindwa.

"Hana mto kwa sababu halali kitandani, mwanangu. Tangu mfungo analala kwenye kiti sebuleni. Kanihama."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Sijakuhama, Mama Rukia. Nikijilaza tu pumzi inakatika, kama mtu anayezama. Sikutaka uogope."

Daktari akafuta jibu la mwanzo, akaandika jipya. Skrini ikawa nyekundu. Akamsikiliza mzee kifuani, kisha mgongoni, kwa muda mrefu.

"Kompyuta inashauri alazwe leo," alisema. "Na mimi nayasikia maji kwenye mapafu."

Wodini, Bi Somoe alimwegemeza mumewe kwenye mto. Bado alihema. Akaongeza wa pili. Kisha akavua kanga yake ya juu, akaikunja, akaipachika nyuma ya shingo ya mumewe. Mzee akafumba macho, pumzi ikaanza kutulia.

Bi Somoe akaitazama nafasi ndogo iliyobaki ubavuni mwa mumewe, akavua kandambili.