Kaangeni Pilipili Muone

Wazazi wenzangu mnaokaa karibu na vitalu vya maua, nawaandikia mkawaangalie watoto wenu. Siku hizi kila mtoto lazima avute mvuke wa kutuliza koo asubuhi, ili dawa ya wadudu ikipulizwa asikohoe. Asiyevuta haingii darasani. Tulifurahi, vikohozi vikaisha, nyumba zikawa kimya.

Jana nilikaanga pilipili kavu. Moshi ukajaa jikoni, nikakohoa mpaka nikashika ukuta. Binti yangu Elinuru alikuwa ameinamia kikaango, anapumua taratibu.

"Toka hapo, mwanangu, unawasha huo."

"Hauwashi, mama. Mbona unalia?"

"Kooni husikii kitu?"

"Sisikii."

Nikamvuta nje. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, na mwenyewe anacheka.

Baba yake akasema, "Mama Elinuru, usimtishe mtoto. Anayekohoa ni wewe."

Nilipokuwa nambishia, Elinuru akarudi ndani, kwenye moshi uleule, akatoka na chupa yake ya mvuke wa asubuhi. Akaniwekea puani.

"Vuta kidogo tu, mama," akasema, filimbi ikilia kifuani. "Hutajua hata kama kuna moshi."