Kris ya Mwisho ya Sikander

"Sukuma sasa, wifi, kabla sandarusi haijaganda," nilimwambia dada yake Sikander.

Tulikuwa jikoni kwangu, mtaa wa Thorncliffe Park. Marehemu mume wangu, Sikander, alikuwa fundi wa panga za kale, na kris hii, upanga wa Wamoro wa Ufilipino, ndiyo kazi pekee aliyoiacha haijakamilika. Mwenye upanga angekuja kuuchukua jioni.

Siku zote mimi nilishika mpini na Sikander akashika upanga. Leo upanga ulikuwa mikononi mwa wifi.

"Kaka angekuona ulivyokunja uso, angecheka mpaka aanguke," alisema.

"Angekucheka wewe. Unaushika kama samaki aliye hai."

Akasukuma. Mkia wa upanga, uliochomwa moto, ukazama ndani ya mpini, na sandarusi iliyoyeyuka, utomvu wa kugundishia, ikachuruzika ukingoni ikinukia kama ubani. Nikauzungusha mpini taratibu mpaka mdomo wa kasuku aliyechongwa kichwani mwake ukalingana na makali. Vibano viwili vya shaba vya kuunganisha upanga na mpini vikakaa mahali pake.

Joto likapenya kwenye mti wa mpini, likafika kiganjani mwangu kama joto la mkono wa mtu. Kisha likaanza kupungua.

Wifi akauachia upanga. Haukutikisika.

"Umeshika. Kazi ya kaka imekwisha. Uweke chini, wifi yangu."

Mpini ulikuwa umeshapoa kabisa.

"Bado," nikasema. "Una joto kidogo."

Wifi alinitazama, kisha akaushika tena upanga.