Vitu vya Wageni

Mkaguzi alipovua viatu mlangoni, Mwalimu Sikudhani alijua kwamba siku hiyo shule yake ya chekechea ingepewa kibali au ingefungwa. Mkekani alikuwa amepanga wanasesere, vipande vya mbao na mpira mwekundu, vyote vinang'aa. Watoto waliketi kando, mikono nyuma.

Mkaguzi alichuchumaa mbele ya Chausiku, mdogo kuliko wote.

"Mbona huchezi, mama?"

"Ni vya wageni."

"Na ninyi mnachezea nini?"

"Sisi tunakaa."

Mwaka mzima mwalimu alikuwa amevifungia vitu hivyo kabatini, kama mama yake alivyotunza sahani za wageni, ili siku ya ukaguzi visikutwe vimechakaa.

Mkaguzi aliusukuma mpira taratibu. Ulipomgusa Chausiku gotini, mtoto akajivuta nyuma kwa hofu.

"Kibali siwezi kuandika, mwalimu," mkaguzi alisema kwa upole, akavaa viatu vyake.

Alipokwisha kwenda, Mwalimu Sikudhani alipiga magoti mkekani. "Haya, wanangu, chukueni. Chezeni."

Watoto walimtazama yeye, kisha wakautazama mpira. Mikono yao ilibaki nyuma.