Tundu la Mchwa

Kwa mara ya tatu Osmund aliletewa chai katika kikombe kilichovunjika mkono. Wageni wengine pale sebuleni kwa Florian, kijijini Kitai, walikuwa na vikombe vizima. Akakishika kwa vidole viwili, kikamuunguza, akanywa hivyo hivyo. Hata kuona haya alikuwa ameshachoka.

"Osmund, nilishasema," Florian alimwambia. "Praygod wangu hatamwoa Luisa wako. Sisi ukoo wa nduna hatuchanganyi damu na watwana."

Ukutani, ndani ya fremu, ulining'inia ukurasa wa daftari la ubatizo. Baada ya vita vya Majimaji, misheni iliokota watoto wawili katika nyumba ya nduna aliyetawala huku: mmoja wa kuzaliwa, mwingine wa kutekwa. Wakabatizwa siku moja. Hyasinti, babu yake Florian, aliandikwa "mwana wa nduna", ndivyo wote walivyosoma, ingawa baada ya ile m palikuwa na tundu la mchwa. Mstari wa Cletus, babu yake Osmund, mchwa waliula wote wakabakiza jina. Yaliyoliwa watu wakajijazia wenyewe.

Osmund hakuwa na hamu ya ukubwa. Miaka sitini na mitano, magoti mabovu, na kahawa yake kule kijijini kwake Maguu bado iko mtini. Lakini Luisa alikuwa hali wala halali, na baba hawezi kutazama hivyo siku zote. Katekista mmoja alimdokezea kuwa misheni ya ziwani ina nakala ya pili ya daftari lile. Akapanda gari, akateremka hadi ziwani.

"Shikamoo babu," karani wa parokia, Winifrida, alimpokea. "Unatafuta ukoo?"

"Marahaba, mama. Natafuta mtoto aolewe, basi. Mtu ni mtu. Utwana na uungwana vya nini siku hizi?"

Winifrida alifungua daftari, akapitisha kidole polepole. Hapa mchwa hawakufika.

"Cletus," akasoma, "mwana wa nduna." Kidole kikashuka. "Hyasinti, mtwana wa nduna."

Osmund alimwomba arudie. Akarudia mara tatu. Ndipo mzee akakaa kwenye benchi, akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Winifrida akamtolea nakala na kuigonga muhuri.

Habari haina miguu, lakini hufika. Jumamosi Florian alipanda mwenyewe hadi Maguu, kofia mkononi.

"Hodi. Shikamoo, mzee Osmund."

Shikamoo hiyo hakuwahi kuitoa. Osmund aliitikia, akamwonyesha kiti.

"Nimekosa, mzee wangu," Florian alisema, macho chini. "Niliyosema niliyasema kwa ujinga. Tuwaache watoto waoane."

Kutoka jikoni kilisikika kicheko cha Luisa, cha kwanza tangu Pasaka. Mama yake, Gertruda, akaleta sinia la chai na vikombe viwili vya maua, vile vya sikukuu.

Osmund akachukua kimoja, akanywa taratibu. Cha pili akakisukuma kwa mkewe.

"Mama Luisa," alisema kwa sauti iliyochoka, "hiki nenda kakivunje mkono kwanza. Ndipo umletee huyu."