Simama Ubavu

Gongo lilikata upepo tena. Mpira ukapita, ukagonga ukuta wa darasa.

"Mwanasiti, ndugu yangu, huyo si nzi," alisema Muzna, aliyekuwa akirusha. "Usimpungie."

Wasichana wakacheka. Mwanasiti naye akacheka, akauokota mpira na kumrudishia.

Mwalimu Sabiha hakucheka. Mpira ukining'inizwa kwa kamba kwenye tawi, Mwanasiti aliupiga vizuri. Ukitoka mkononi mwa mtu, aliukosa. Na siku ya mashindano, kule Usagara, hapangekuwa na kamba. Mmoja angerusha, mwingine angepiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vigingi, na yule bibi wa Kizungu, mkaguzi wa shule, angekaa kitini akitazama.

Mkaguzi ndiye aliyekuwa akichagua wa kwenda chuo cha ualimu. Alikwisha sema anachotaka: msichana anayejua kusoma, mwenye mwili usio na kasoro, na anayecheza. Kusoma, Mwanasiti aliwapita wote. Kupimwa macho alipita pia. Bwana mganga alipomwonyesha herufi za ukutani, alizitaja kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kama mtu anayesoma Alhamdu. Ulibaki mchezo.

Asipochaguliwa, angerudi Kigombe kwa mamake, aliyekuwa akikaanga samaki wa kuuza. Siku alipomleta shuleni, yule mama, macho yake mekundu, alimshika mwalimu mkono.

"Mwalimu, mwanangu asinirudie jikoni. Moshi unakula macho."

Mwalimu Sabiha aliahidi. Tangu hapo, kila baada ya swala ya alfajiri, alimwombea: Ewe Mola, mwondolee mtoto huyu woga.

Maana aliona kuwa ni woga. Wapigaji wazuri husimama ubavu, bega la kushoto likimwelekea mrushaji. Mwanasiti alisimama kifua wazi, kama mtu aliyefungua mlango kumpokea mgeni. Hata nje ya uwanja alikuwa mwepesi wa kushtuka. Wenzake wakimjia kimya kimya ubavuni, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Darasani alipenda kukaa mwisho wa benchi, bega la kushoto likigusa ukuta, na hakuna aliyeweza kumwondoa pale. Mwalimu alidhani ni haya ya ugeni.

Jioni ile akaamua kuumaliza woga huo.

"Simama ubavu," alimwambia. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamweka sawa. "Kidevu begani. Kichwa kitulie hapo hapo."

"Hivi siuoni vizuri, mwalimu."

"Huuoni kwa sababu unaukimbia. Kichwa kikitulia utauona."

Mwanasiti alifungua mdomo, akatazama kule darasani, akaufunga. "Haya, mwalimu."

"Na wewe Muzna, rusha kweli. Usagara hakuna atakayemhurumia."

"Nikirusha kweli atalia, mwalimu."

"Rusha."

Muzna akapangusa mkono kwenye sketi, akarudi nyuma, akarusha. Ulikuwa mpira wa ngozi, mgumu, na ulikwenda umenyooka. Mwanasiti alitulia kama alivyowekwa, kidevu begani. Mwalimu alimwona hatikisiki, na moyoni akasema: Mola amejibu.

Kisha, mpira ukiwa umekwisha fika, msichana akageuza uso mzima kuutafuta.

Kishindo kilikuwa kidogo tu. Gongo halikuwa limeinuka.

Hospitalini daktari alitoka akifuta mikono. "Jicho la kulia limepasuka. Sikuweza kuliokoa. La kushoto halikuguswa hata kidogo. Nimeyafunga yote mawili ili yapumzike."

Mwalimu Sabiha alitafuta pembe ya baraza, akaelekea kibla, akasujudu. Alilia hapo kwa muda mrefu, na katika kilio chake alishukuru. Ndipo akaingia wodini.

Mwanasiti alikuwa amelala chali, uso umezungushiwa kitambaa cheupe kutoka paji mpaka puani.

"Nisamehe, mwanangu. Nitamwendea mkaguzi mimi mwenyewe, hata kwa magoti. Nitamwambia jicho moja linamtosha mtu kusoma, na kufundisha."

"Najua, mwalimu," alisema Mwanasiti.

Mwalimu aliona kuwa hiyo ni imani, akambusu paji la uso.

Msichana akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wake. "Mama ameshafika?"

Mama alifika siku ya pili, mchana, kwa lori lililoleta samaki sokoni, kanga zake zikinuka moshi. Mwalimu alimpokea mlangoni mwa wodi, akamweleza yote bila kujificha: kwamba yeye ndiye aliyekishika kichwa cha mtoto, na yeye ndiye aliyesema mpira urushwe kweli. Yule mama alisikiliza ameinama, akizungusha pindo la kanga kwenye kidole.

"Lakini tumshukuru Mungu, mama," mwalimu alimalizia. "Limekwenda la kulia tu. La kushoto ni zima."

Mama aliinua uso. Alishika ukuta, akajishusha taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Mwalimu," alisema, "kwa hilo la kushoto hajapata kuniona tangu nimzae."